Ujerumani ada bure sawa, kodi ya chumba je?

Watu wakinifata inboksi swali ni lilelile, eti chuo gani Ujerumani hakina ada. Jamani vyuo vya serikali karibu vyote hulipi ada, ukiacha jimbo la Baden-Württemberg ambako sisi tusiotoka Umoja wa Ulaya tunatozwa euro 1,500 kwa muhula, na TUM, chuo kikuu cha ufundi cha München (Munich), ambayo nayo siku hizi inatoza. We uliza mji, maana kodi ya chumba ndo inatofautiana.

Iko hivi, ili upate viza wengi wetu tunaweka hela kwenye Sperrkonto, yaani akaunti ya benki iliyofungwa, hela inatoka kidogokidogo, na tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, ukishafika unaachiwa 992 kila mwezi basi. Na kiwango ni hichohicho uende München au uende Chemnitz, mji wa mashariki!! Sasa piga hesabu, München chumba cha kushea nyumba na wenzio euro 700 mpaka 800 ni kawaida kabisa, toa bima ya afya kama 140 hivi, hiyo inayobaki ndo ule, uweke vocha, ununue koti la baridi. Chemnitz kwa 300 unapata chumba, na hela ya kula inabaki na ya kumtumia mama kidogo inapatikana.

Afu tangazo la chumba lisome mpaka chini. Ile bei iliyoandikwa kubwa mara nyingi ni Kaltmiete, humo hita haijaingia wala maji, we tafuta Warmmiete, yaani kodi yenye hita na maji humohumo, na hata hapo uliza umeme na intaneti kama vimo. Dipoziti mwenye nyumba anaruhusiwa kudai mpaka Kaltmiete ya miezi mitatu, na hiyo hela Sperrkonto haikupi kwa mkupuo, lazima uje nayo pembeni, hapa ndo wengi wanaanza kukopa hata baridi hawajaionja. Kuna na mchango wa redio na tivii, 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba hata kama huna tivii, mkiwa wanne mnagawana.

Najua kuna mtu atasema München kazi zipo nyingi. Zipo kweli, ila mwanafunzi sheria inakuruhusu kufanya kazi siku 140 za kutwa kwa mwaka, na kazi zenye hela ya maana wanataka Kijerumani kimenyooka, we ndo kwanza uko A1, ngazi ya kuanza. Mi ningeomba vyuo vya mashariki kwanza, Leipzig, Chemnitz, Magdeburg, na siku hiyohiyo ya kupata barua ya chuo naomba chumba cha Studentenwerk, shirika lenye hosteli za wanafunzi, maana foleni yake ni ndefu.