Kimea kilivyonidhalilisha kabla komoni haijakubali

Naanza na walioniambia niongeze sukari kwenye komoni, pombe yetu ya mahindi na ulezi: nyote mlikosea, na kilo zangu mbili siwadai.

Ilikuwa mwezi wa saba, Njombe, baridi ile ya kuvaa makoti mawili. Nilikuwa nimealika watu wa mgowe, kazi ya kusaidiana, waje tuvune mahindi, na mgowe bila pombe utavuna na mkeo. Mimi ni seremala. Komoni nimeiona ikipikwa kwa bibi tangu nikiwa mtoto, nikadhani kuona ndiyo kujua.

Kimea, yaani ulezi uliooteshwa ukakaushwa, nilinunua sokoni, sado mbili, elfu kumi na kitu hivi, kimeshasagwa. Muuzaji aliapa kwamba ni ulezi wa mwaka huu. Nikasonga uji mzito wa mahindi, nikauacha upoe, nikakoroga kimea, nikafunika. Kimea kikiwa kizima, asubuhi unakuta togwa: uji umelegea, mtamu, na watoto wanapita na vikombe. Mimi nilikuta mwiko umesimama katikati ya sufuria kama nguzo ya umeme.

Hapo ndipo washauri walipojitokeza. Jirani akasema sukari. Mwingine akasema hamira. Nikatia vyote viwili, na kesho yake povu likapanda nikaanza kupiga mluzi. Kuonja: juu maji makali yenye harufu ya mkate, chini gundi ya kubandikia mbao, na gundi naijua. Nguruwe wa jirani walikunywa wakalala saa kumi jioni.

Baadaye ndiyo nikaelewa. Punje ya ulezi ikichipua hutengeneza vimeng'enya, na hivyo ndivyo vinavyovunja wanga wa mahindi ukawa sukari. Hamira haili wanga, inakula sukari. Kimea kikiwa kimekufa, hamira inakaa na njaa nje ya ghala lililofungwa. Ukiipa sukari ya dukani itakula hiyo, na mahindi yako yatabaki vilevile.

Nikaamua kutengeneza kimea mwenyewe. Ulezi kidogo usiozidi debe, nikauloweka usiku kucha, nikachuja, nikafunga kwenye kiroba. Siku tatu, kimya. Siku ya nne nikasikia harufu ya soksi, nikafungua, ndani kuna manyoya ya kijani. Akatokea mwenye akili akasema nikikaange, ukungu utakufa. Ukungu utakufa kweli, lakini sumukuvu, ile sumu inayoachwa na ukungu, haiondoki kwa kukaangwa wala kupikwa. Nilikizika, hata kuku sikuwapa.

Kosa la kwanza lilikuwa baridi. Ulezi unataka joto, na mimi niliuweka stoo kwenye sakafu ya saruji. Mara ya pili nikahamishia kiroba jikoni karibu na mafiga, nikawa nanyunyiza maji ya uvuguvugu na kugeuza asubuhi na jioni. Kabla ya hapo nilikuwa nimehesabu punje mia moja, nikazifunga kwenye kitambaa kibichi. Zikaota themanini na tisa. Ule ulezi wa kwanza nilipourudia kwa kitambaa hichohicho, zikaota thelathini na moja. Yaani hata joto lisingeuokoa. (Msinunue mbegu ya duka la pembejeo iliyopakwa rangi, ile ina dawa.)

Basi kimea kikaota vizuri, mizizi myeupe imeshikana kama pamba, majani ya kijani bado. Nikafurahi mno, na furaha hiyo ndiyo iliyoniponza. Jua hakuna, ukungu umelala mpaka saa sita. Shemeji yangu, aliyewahi kuishi Bungoma, Kenya, wanakopika pombe iitwayo busaa, akaniambia: "Shemeji, kule busaa wanakaanga. Kaanga!" Nikaweka karai motoni. Jamani, harufu! Karanga mbichi inapoiva, mkate, kahawa, vyote kwa pamoja. Mke wangu alitoka nje kuuliza napika nini. Nikasaga, rangi ya kahawia ya kupendeza, nikajipongeza. Asubuhi mwiko umesimama tena.

Kumbe kule Bungoma wanachokaanga ni unga wa mahindi uliochachuka, si kimea. Kimea ukikikaanga unaua vimeng'enya vyote, unabaki na unga wenye harufu nzuri.

Aliyeniokoa ni mke wangu. Kliniki walifundishwa kulainisha uji wa mtoto kwa kijiko cha kimea. Akasema, "Kama kinalainisha kikombe, kitalainisha sufuria. Kwa nini unaanza na sufuria?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo napika uji mzito kidogo, nagawa vikombe viwili. Joto la uji liwe lile la kuchovya kidole, ukihesabu mbili unakitoa. Ukiwa unachemka utaua kimea kizima halafu umlaumu muuzaji. Kikombe kimoja natia kijiko cha kimea, cha pili naacha. Baada ya robo saa kile chenye kimea kizuri kinamiminika na kimeanza utamu. Kikibaki kizito, kimea hicho hakiingii kwangu. Mwanangu wa kidato cha pili akaongeza ya kwake: matone ya iodini kwenye uji uliopoa. Ukigeuka bluu-nyeusi, wanga bado upo. Sasa sokoni naenda na chupa ya chai yenye uji na vikombe viwili, na wauzaji wananikimbia.

Kimea cha mwisho nilikikausha kwenye kichanja juu kabisa ya jiko, moshi na joto la polepole, siku tano. Asubuhi nilikuta mwiko umelala ubavu ndani ya togwa.

Mgowe ulifanyika wiki mbili baada ya tarehe niliyotangaza, mahindi yenyewe yameshaanza kuliwa na panya. Shangazi alionja komoni, akanyamaza, akaongeza kikombe. Shemeji alikunywa kata ya tatu, akafuta mdomo, akawatangazia watu: "Si nilimwambia akaange?"