Mabua ya Juni, mbuzi wa Oktoba

Juni inaishia. Mtama umevunwa, uwele unapepetwa, na mabua yamebaki yamesimama mashambani. Huku Dodoma mvua ni ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, kwa hiyo kitakachowavusha mbuzi Oktoba ndicho hiki kilichopo sasa. Inaniuma kuona mifugo ikifunguliwa shambani ijilie yenyewe: inakanyaga mengi kuliko inayokula, na majani, ambayo ndiyo yenye lishe, yanapukutika na kupeperushwa na upepo.

Hesabu yake si ngumu. Mbuzi wa kilo 30 anahitaji karibu kilo moja ya chakula kikavu kwa siku. Mchana anajitafutia porini. Jioni apewe gramu 300 hivi za mabua. Mbuzi kumi kwa miezi mitano ni kilo 450. Weka 600, maana mbuzi ni mchaguzi, hunyofoa majani na kuacha bua. Ndiyo sababu mabua hukatwakatwa kwa panga, vipande vya urefu wa kidole, kisha yakanyunyiziwa maji ya chumvi kidogo wakati wa kulisha.

Yahifadhiwe juu ya kichanja, futi mbili kutoka chini, la sivyo mchwa watayamaliza kabla ya Agosti. Majani ya karanga yawekwe peke yake. Hayo ni ya mbuzi wenye mimba na wanaonyonyesha. Yakaukie kivulini, yageuzwe kila siku. Yakiota ukungu, tupa bila huruma, kwa kuwa sumukuvu haiondoki kwa kuanika.

Jambo la kuogopwa zaidi ni machipukizi ya mtama. Visiki vikipata unyevu huchipua majani mabichi yanayopendeza macho, na humo ndimo ilimo sumu ya sianidi. Mbuzi mwenye njaa akiyashambulia huhema kwa kasi, hupepesuka, huanguka, na anaweza kufa kabla hajafika mtu wa kumsaidia. Machipukizi hayo yasiguswe. Ng'oeni visiki, au zuieni mifugo kuingia shambani.

Kuanzia Agosti maganda ya migunga huanza kudondoka. Watoto wayaokote, yatwangwe kwanza, kwa sababu mbegu nzima ni ngumu na hutoka kwenye kinyesi ilivyoingia.

Halafu kuna beberu. Mimba ya mbuzi ni miezi mitano, hivyo jike anayepandwa Juni atazaa Novemba, malisho yakiwa yamekwisha, na maziwa hayatoki. Beberu atengwe sasa, au afungwe kipande cha gunia tumboni mbele ya uume. Aachiwe mwishoni mwa Agosti. Wiki mbili kabla ya hapo majike wapewe mashudu ya alizeti, gramu 100 kila mmoja kwa siku. Vitoto vitakuja mwishoni mwa Januari, porini kukiwa kumeshafunga kijani.