Siku moja maishani mwangu: kichwa kilianza saa ngapi?

Saa 1:00 asubuhi. Napokea zamu ya radiolojia. Mivunjiko, mapafu, vipimo vya kawaida.

Saa 3:40. Simu ya dharura: mama mmoja kichwa kimempiga ghafla kama radi, anatapika, shingo imekakamaa. Swali langu la kwanza ni lilelile siku zote: kilianza saa ngapi? Saa 1:30. Afadhali. Ninachohofia ni damu iliyovuja kuzunguka ubongo. Ndani ya saa 6 za mwanzo, CT (picha za eksirei za vipande vya kichwa) bila kontrasti, dawa inayong'arisha mishipa, ni nadra sana kuikosa damu hiyo. Siku zikipita damu hufifia, picha huonekana safi, na inabidi kutoa maji ya uti wa mgongo kuona kama yamegeuka manjano.

Saa 4:00. Picha zinaingia. Chini ya ubongo, mahali ambapo maji huonekana meusi, pamejaa weupe wenye umbo la nyota. Damu mbichi kwenye CT ni nyeupe. Naangalia pia vyumba vya maji vya pembeni: ncha zake, ambazo kwa kawaida ni nyembamba kama uzi, zimeanza kutanuka. Maji yanakosa njia. Nampigia daktari wa upasuaji kabla sijaandika ripoti.

Hatumshushi mezani. Tunamchoma kontrasti, tunapiga CT ya mishipa, nami naizungusha picha taratibu. Hicho hapo, kwenye kiungo kifupi cha ateri mbili za mbele: kifuko cha milimita 6 kilichovimba kwenye ukuta wa mshipa, na juu yake kichuchu kidogo. Mara nyingi hapo ndipo palipopasuka. Napima shingo ya kifuko kwa makini, kwa sababu ikiwa nyembamba, koili, yaani nyuzi laini za metali za kukiziba, hukaa vizuri zaidi.

Saa 8:00 mchana. Angiografia ya ubongo, yaani kupiga picha mishipa yake kwa kontrasti, njia aliyoianzisha daktari Mreno Egas Moniz mwaka 1927. Katheta, mrija mwembamba, inapanda ndani ya mshipa kutoka kwenye paja, koili za platinamu zinajikunja ndani ya kifuko moja baada ya nyingine, hadi kontrasti haiingii tena.

Saa 12:00 jioni. Binti yake ananisubiri mlangoni.

"Daktari, mama amepona?"

Namweleza kwamba hatari ya kupasuka tena, ambayo ni kubwa zaidi katika saa 24 za kwanza, tumeipunguza sana. Lakini kwa wiki mbili hivi mishipa inaweza kujikaza na kuunyima ubongo damu, kwa hiyo atabaki chini ya uangalizi.

Anainamisha kichwa. Wiki iliyopita, anasema, kichwa kilimpiga mama vilevile, kikatulia. Walikokwenda alipewa vidonge vya maumivu, akarudi nyumbani. Hakupigwa picha.