Kutoka Walt's Point hadi Mina: kuliandama jua kwa bawa

Leo nimeruka kwa bawa la kuning'inia kutoka Walt's Point, ubavuni mwa milima ya Sierra Nevada huko California, hadi kijiji cha Mina katika jangwa la Nevada, mwendo wa kilomita 215 hivi ukipimwa kwa mstari ulionyooka. Mwili umechoka na midomo imepasuka kwa ukavu, lakini sitaki kulala kabla sijaandika, kwa sababu nimeliona wazi jambo ambalo marubani wazoefu wa hapa wamekuwa wakinieleza: kwamba safari ndefu katika bonde hili ni kazi ya kuliandama jua, na kwamba uamuzi mgumu kuliko yote ni ule wa kuuacha mkondo wa hewa ilhali bado unakupandisha.

Bawa langu ni kitambaa kilichowambwa juu ya mabomba ya alumini, halina injini wala mkia, nami hulala kifudifudi katika mfuko ulioning'inizwa chini yake na kuliongoza kwa kuusogeza uzito wa mwili. Katika hewa tulivu hushuka kama mita moja kila sekunde, na kwa kila mita linayoipoteza husonga mbele mita kumi na mbili au zaidi kidogo. Mafuta yake, basi, ni hewa iliyopashwa moto na ardhi, ambayo hupanda juu kwa mikondo.

Bonde la Owens limelala kaskazini hadi kusini. Upande wa magharibi iko Sierra Nevada pamoja na Mlima Whitney wenye mita 4,421, na upande wa mashariki yako milima ya Inyo ikifuatiwa na White Mountains, ambayo kilele chake kikuu kina mita 4,344, huku sakafu ya bonde katikati ikiwa kwenye mita 1,200 hivi. Asubuhi jua hupiga nyuso za Sierra zinazotazama mashariki, na hapo ndipo mikondo huanza kuamka. Adhuhuri ikipita, joto huhamia kwenye miamba ya upande wa pili inayotazama magharibi, na wakati huohuo upepo wa magharibi huanza kumwagika juu ya vilele vya Sierra, ukiiviringisha hewa upande wa demani, yaani ule uliokingwa na upepo, kwa nguvu inayoweza kulipindua bawa. Rubani anayekawia Sierra hupoteza mikondo na usalama kwa pamoja.

Walt's Point iko kwenye mita 2,750 hivi, juu ya sakafu nyeupe ya Ziwa Owens, ambalo lilikauka baada ya maji ya mto wake kuanza kupelekwa Los Angeles kwa mfereji uliofunguliwa mwaka 1913. Kuliona ziwa hilo kutoka juu kunaniumiza kila mara. Leo visulisuli vya vumbi vilisimama wima juu yake bila kuinama upande wowote, ishara kwamba chini bado kulikuwa shwari. Shemeji yangu, ambaye ndiye anayenifuata kwa gari, alishika nyaya za mbele akaniuliza, "Shemeji, uko tayari?" Nilimwitikia, nikapiga mbio kuteremka mteremko, na saa nne na nusu asubuhi miguu ikaachana na ardhi.

Sehemu ya Sierra ilipita vizuri na sina mengi ya kuieleza. Mikondo ilikuwa ya wastani, Whitney ikabaki mkono wa kushoto, mji wa Independence ukapita chini. Saa saba mchana nilikuwa magharibi ya mji wa Big Pine, mita 4,300 juu ya usawa wa bahari, ndani ya mkondo uliokuwa ukinipandisha mita nne kila sekunde. Kila kiungo cha mwili kilitaka kubaki humo. Hata hivyo, juu ya vilele nyuma yangu niliona kiwingu kikianza kuburutwa kuelekea mashariki, nikajua kwamba upepo wa magharibi umeshafika. Nikageuza bawa nikaondoka.

Kuvuka bonde ni safari ya kilomita 20 hivi, na karibu yote ni ya kushuka. Kifaa kinachotoa mlio hewa inapopanda kilinyamaza kabisa, barabara kuu ya 395 ikapita chini kama uzi, na joto likaongezeka kadiri nilivyoteremka. Nilifika Black Mountain, karibu na njia ya mlimani ya Westgard, nikiwa chini ya kilele chake, sina zaidi ya mita 2,650. Nilisogea kwenye ubavu wa miamba ya kahawia iliyokuwa imekaa juani tangu saa sita, hewa ikanitikisa mara mbili, kisha mlio ukaanza, kwanza wa kusitasita, halafu mfululizo.

Kuanzia hapo White Mountains ilinipokea kwa ukarimu ambao bado unanitetemesha. Mikondo ilifika mita saba kila sekunde, myembamba na yenye kingo kali, hivi kwamba nililazimika kulilaza bawa sana ili nisitupwe nje. Bondeni joto lilikuwa nyuzi 38. Kwenye mita 5,000 lilikuwa limekaribia kiwango cha kuganda, kwa kuwa hewa kavu hupoa karibu nyuzi kumi kila inapopanda mita 1,000. Nilivuta oksijeni kwa mrija, nikachunga mpaka wa mita 5,486, ambao sheria za anga za Marekani hazituruhusu kuupita bila kibali. Chini yangu iliota misonobari ya kale ya milima hii, mmoja wao ukiwa na umri wa zaidi ya miaka 4,800, imejipinda juu ya mawe meupe ambako nisingedhani mti unaweza kuishi.

Hapo ndipo hoja ya kuondoka ilipozidi kunieleweka. Paul MacCready, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa ndege zisizo na injini mwaka 1956, alionyesha kwa hesabu kwamba mkondo wa kuukubali, na hata kasi ya kuruka baada yake, hutegemea nguvu ya mkondo unaoutarajia mbele. Ukitarajia mita tano kila sekunde, usikae katika ule uliofifia hadi mita tatu, hata kama bado uko mbali na ukomo wake. Hesabu ni nyepesi juu ya karatasi. Ukiwa angani, penye jabali chini na hakuna pa kutua, kuacha kitu kilicho mkononi kwa ajili ya kitu ambacho hukioni kunahitaji kuisoma milima kwa makini: mwamba upi ni mweusi zaidi, ubavu upi unatazama jua, kivuli cha wingu kimeondoka wapi dakika chache zilizopita.

Baada ya Boundary Peak, kilele kirefu kuliko vyote vya Nevada, safu ya milima hukatika na jangwa hufunguka. Jerry Katz alivuka maili 100 kwa mara ya kwanza akitokea bonde hili mwaka 1977, na mwaka 1983 Larry Tudor akaenda maili 221. Siku hizi rekodi huwekwa kwenye tambarare za Texas, ambako mwaka 2012 Dustin Martin aliruka zaidi ya kilomita 760 akisukumwa na upepo. Naziheshimu sana safari hizo, lakini moyo wangu uko hapa, ambapo kila mkondo una anwani ya jiwe fulani. Juu ya bwawa kavu la chumvi la Rhodes nilizunguka kwenye mpaka wa chumvi nyeupe na vilima vyeusi, nikapata mpando wa mwisho uliotosha kunifikisha Mina.

Nilitua saa kumi na moja jioni kwenye uwanja wa changarawe, nikielekea upepo wa kusini ambao vumbi la lori moja lilikuwa limenionyesha. Shemeji alikuwa amepitia barabara ya 360, akafika kabla sijamaliza kuzichomoa fito za bawa, akanipa maji kabla ya salamu.

Utabiri wa kesho ni upepo mkali wa magharibi juu ya Sierra tangu alfajiri, kwa hiyo Walt's Point hapatafaa, nasi tutabaki mjini Bishop kukagua nyaya na kujaza oksijeni. Keshokutwa, ukitulia, nataka kuvuka bonde mapema zaidi, nikiwa bado mkabala na Independence, nione kama miamba ya Inyo huwa imeshapata moto saa hiyo.