Nilipohamishia kiti cha Mama dirishani

Kwa miezi mitano nilipambana na usiku. Mama ana Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu. Ilipofika saa nane za usiku alikuwa anaamka, anavaa viatu na kuanza kuvuta kitasa cha mlango. "Nataka kwenda nyumbani." Nikimwambia, "Mama, hapa ndipo nyumbani," ananitazama kama mtu anayedanganywa mchana kweupe. Kukicha, anasinzia kitini hadi jioni.

Muuguzi mmoja akaniuliza: mchana anakaa wapi? Kwenye kona, nikajibu, na mapazia nayafunga ili apumzike, maana usiku hakulala. Akanyamaza. Nilielewa kabla hajasema kitu.

Nilipima mwanga kwa programu ya simu. Simu si kipimo cha kuaminika, lakini tofauti niliyoiona haikuhitaji usahihi: kwenye kona laksi 70 (laksi ni kipimo cha mwanga), dirishani zaidi ya 1,500, nje kivulini karibu 9,000. Macho huzoea haraka, ndiyo maana ile kona sikuwahi kuiona kama ina giza.

Saa ya mwili, inayopanga lini tulale na lini tuamke, ni fundo dogo la seli kama 20,000 ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana. Ikiachiwa yenyewe, kwa watu wengi mzunguko wake huzidi saa 24 kwa dakika kadhaa, kwa hiyo lazima irekebishwe kila siku, na mwanga wa asubuhi ndio fundi wake mkuu. Alzheimer huziharibu hata seli hizo. Juu ya hayo, lenzi ya jicho la mzee hugeuka manjano na kuzuia mwanga wa buluu, ambao ndio unaoiamsha saa hiyo zaidi. Mtu aliyehitaji mwanga kuliko sisi sote ndiye niliyemfungia mapazia!

Nikahamishia kiti chake dirishani, na kila asubuhi baada ya chai tukawa tunatoka nje nusu saa, hata kukiwa na mawingu. Nilimpeleka pia kwa daktari wa macho, kwa sababu mtoto wa jicho akikomaa hupunguza mwanga unaoingia.

Jioni ndipo nilipokosea. Nilidhani giza linamtisha, nikamwekea chumbani taa nyeupe kali hadi saa nne. Usiku ule hakufumba jicho. Baadaye nilijifunza kwamba mwanga mkali wa usiku huzuia melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, na huichelewesha saa ya mwili. Sasa huwasha taa mapema, kabla vivuli havijarefuka, na kufunga mapazia. (Kumbe "yule mwanamke" ambaye Mama alikuwa anamgombeza kila jioni ni sura yake mwenyewe kwenye kioo cha dirisha.) Baada ya chakula cha usiku nabakiza taa hafifu ya manjano tu. Njia ya chooni ina taa ndogo karibu na sakafu, maana giza totoro nalo ni la kuangusha watu.

Sikutarajia muujiza. Nilikuwa nimesoma utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2008, uliohusisha nyumba 12 za kutunzia wazee: vyumba vya pamoja vya baadhi yake viliwekewa taa za kufikia laksi 1,000 mchana kutwa, vya nyingine mwanga hafifu zaidi. Kwenye mwanga mkali, kasi ya kudhoofika kwa akili ilipungua kidogo, na dalili za sonona zikapungua zaidi. Ni faida, lakini ya kiasi.

Daftari langu linasema vivyo hivyo. Siku tisa za kwanza, hakuna kitu. Wiki ya tatu aliufuata mlango usiku mara mbili, si kila siku kama zamani. Mvua ikikaa siku tatu mfululizo tunarudi nyuma, na bado yapo mausiku ninayokesha naye bila kujua sababu.

Jana alilalamika kwamba jua linamchoma. Nikamsogezea kiti hatua moja, nikavuta nusu ya pazia.