Nilivyopata Mkopo wa Sola na Betri kwa Daftari la Hasara

Miezi ya mwisho ya mwaka 2023, wakati wa mgao wa umeme, nilimwaga mtindi kwa ndoo. Ninaishi Kihonda, mjini Morogoro, na biashara yangu ni maziwa: ninayapokea asubuhi kutoka kwa wafugaji wa Mvomero, ninayachemsha, ninagandisha sehemu yake kuwa mtindi na kuuza kwa jumla kwa wenye vibanda. Biashara ya namna hii inasimama juu ya friza moja na friji moja, na umeme ukikatika saa nane mfululizo katika joto la Novemba, mzigo wa siku mbili unaweza kuharibika kabla hujapata wa kumuuzia hata kwa bei ya hasara.

Nilifahamu kwamba sola yenye betri ingetatua tatizo hilo, lakini mafundi watatu nilioomba makadirio yao walinitajia kiasi kisichopungua shilingi milioni 5 na nusu. Benki haikuwa njia kwetu, kwa kuwa mume wangu ni mwalimu na makato ya mkopo wa nyumba yalikuwa yamekwisha kufika ukomo, maana mtumishi ni lazima abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake. Kikundi chetu cha wanawake kilikuwa kikitegemea mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo wanawake hutengewa 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2, lakini mwaka huo ilikuwa imesitishwa ili utaratibu wake urekebishwe. Kulikuwa pia na mkopeshaji wa mtaani aliyekuwa tayari kunipa fedha ndani ya siku tatu, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi inayokokotolewa juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho. Nilikaa na kikokotoo: kwa milioni 4 na nusu, miezi 30, riba peke yake ingekuwa shilingi 4,050,000. SACCOS yetu, yaani chama chetu cha akiba na mikopo, ilikuwa ikitoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, yaani juu ya deni lililobaki tu, ambayo kwa mkopo huohuo na muda huohuo ni shilingi 697,500. Ninaandika tarakimu hizi kwa sababu ninawajua wenzangu waliochukua ule wa kwanza kwa kuangalia wepesi wa kuupata tu.

Akiba yangu katika SACCOS ilikuwa shilingi 1,800,000, na mwanachama hukopeshwa hadi mara tatu ya akiba yake akiwa na wadhamini. Wadhamini wawili niliwapata, lakini kamati ya mikopo haikuwa imewahi kukopesha kwa ajili ya sola, na maombi yangu ya kwanza yalirudishwa. Nilikuwa nimeandika kwamba ningeokoa fedha za LUKU. Mjumbe mmoja alinionyesha udhaifu wa hoja hiyo palepale: nyumba yetu ilitumia takriban uniti 120 kwa mwezi, na kwa bei ya shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, tulikuwa tukilipa shilingi 42,720. Kwa mtambo wa shilingi 5,900,000, fedha hizo zingerudi baada ya zaidi ya miaka 11. Alikuwa sahihi, na kwa mtu anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi na kulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, hesabu ni mbaya zaidi.

Kilichobadilisha mambo ni daftari. Tangu Oktoba hadi Desemba niliandika kila siku saa ambazo umeme ulikatika, lita za maziwa zilizoharibika, wateja niliowakosa, na petroli ya kijenereta cha kuazima, wakati lita moja ilikuwa imevuka shilingi 3,000. Jumla ya miezi mitatu ilikuwa shilingi 561,000, yaani 187,000 kwa mwezi. Rejesho la kwanza la mkopo lingekuwa 195,000, likishuka kila mwezi. Nilipoliweka daftari mezani mwezi Januari, wajumbe walilipitisha mkono hadi mkono na kulisoma ukurasa kwa ukurasa. Kisha mwenyekiti aliniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Mama, mgao ukiisha, mkopo huu utaulipa na nini?"

Waliniagiza nirudi na hesabu ya pili isiyo na mgao ndani yake. Nilikasirika kidogo siku ile, lakini sasa naona kwamba agizo lile ndilo lililoniokoa. Fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, alinieleza kuwa paneli 4 za wati 450, kwa takriban saa 5 za jua kali na baada ya upotevu wa karibu robo, zingetoa zaidi ya uniti 6 kwa siku, ilhali sisi tulihitaji 4. Ziada hiyo ingepatikana mchana, wakati betri imekwisha kujaa, na isipotumika inapotea bure. Tukakubaliana niitumie kugandisha barafu za maji na za juisi ya ubuyu kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na chupa za barafu zibaki katika friza usiku ili betri isifanye kazi kubwa. Hesabu ya pili ilikuwa ya barafu.

Mkopo ulipitishwa Februari 2024, shilingi 4,500,000, nami nikaongeza 1,400,000 niliyokuwa nimeiweka. Kabla ya hundi kuandikwa niliikagua ankara kifani (proforma) ya muuzaji na kukuta ametoza VAT ya asilimia 18 juu ya kila kitu. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014 inazitaja paneli, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani) na betri za sola miongoni mwa bidhaa zilizosamehewa, na kwa bidhaa hizo tatu, zilizogharimu 5,050,000, kodi aliyoiongeza ilikuwa shilingi 909,000. Nilimwonyesha, akairekebisha ankara. Nisingeuliza, ningeilipa kwa fedha ya mkopo na kuitolea riba kwa miezi 30.

Betri ndiyo iliyobeba gharama kubwa kuliko vyote, shilingi 2,700,000 kwa lithiamu ya volti 25.6 na ampea-saa 200. Nilishawishiwa kuchukua betri za asidi kwa bei ya chini, lakini hizo hazifai kutumiwa chini ya nusu ya ujazo wake na huchoka mapema, pengine kabla deni halijaisha. Pasi na jiko la umeme tuliviacha kwenye TANESCO.

Mwezi huohuo wa Februari mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza kuzalisha, na baada ya muda mgao ukaisha. Hasara niliyoijengea hoja yangu ya kwanza ikatoweka karibu yote, ikabaki ya katizo za hapa na pale. Wakati wa masika mawingu yalipunguza uzalishaji hadi uniti 3 kwa siku, na miezi miwili niliongeza rejesho kutoka katika fedha za maziwa. Barafu ndizo zilizoshika nafasi ya hasara ile, hasa kuanzia Septemba joto linapopanda, kwa kuwa shule ya msingi iko hatua chache kutoka getini kwetu. Rejesho la Desemba 2025, la 21, lilikuwa shilingi 165,000, na jirani anayeshona nguo ameniomba lile daftari aone mistari nilivyoipanga, kwa sababu naye ameanza kuandika lake.