Siku moja maishani mwangu: vijiko hamsini vya udongo

Saa 12 asubuhi. Chai bado inafuka, simu inaita kutoka Tanga, kule ni saa 7 mchana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo tena unakwenda kuchota mchanga?"

Ndiyo mama, leo tena.

Saa 2. Tuko Camp Edwards, Cape Cod, jimbo la Massachusetts. Mtaalamu wa mabomu anatangulia na kifaa cha kutambua chuma; asipokanyaga yeye, sikanyagi mimi. Jeshi lilifyatua mizinga hapa miaka mingi, mpaka 1997 mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ilipoagiza ufyatuaji usimame. Ardhi ni kichanga, na chini yake ndiko yaliko maji wanayokunywa watu. TNT, kilipuzi cha ndani ya mabomu, hung'ang'ania udongo. RDX, kilipuzi kingine, haishikiki, mvua ikinyesha inateremka nayo.

Masalia ya vilipuzi hivi hayatandi kama vumbi, ni chembechembe. Bomu likilipuka vizuri huacha kidogo mno. Likipasuka nusunusu, humwaga vipande. Asubuhi hii nimeona kimoja, kidogo kuliko punje ya ulezi. Kiganja changu kikikizoa, nitasema uwanja mzima umeoza. Kikikikosa, nitasema salama. Kwa hiyo tunachota kijiko kimoja kimoja, mara 50, mstari kwa mstari, juujuu tu, vyote mfuko mmoja. Halafu tunarudi mwanzo, tunachota upya. Mifuko mitatu. Mgongo unauma.

Saa 8, maabara. Udongo wa leo natandaza kwenye trei, kivulini, maana mwanga hubadilisha TNT. Wa wiki jana umekauka: chekeche la milimita 2, kisha kinu. Sekunde 60, unauacha upoe, unarudia, mara tano, hadi uwe laini kama poda ya mtoto na chembe zienee sawasawa.

Mahali nilipofanya kazi zamani, kinu kilirukwa ili kuwahi tarehe. Kipimo cha kwanza hakikuona RDX, cha pili cha mfuko uleule kikaiona, nyingi. Ripoti ikaenda na cha kwanza. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu mama yangu naye anakunywa maji ya kisima.

Saa 10. Gramu 10 za udongo, mililita 20 za asetonitraili, kiyeyusho cha kutoa vilipuzi udongoni, kwenye mashine ya kutikisa kwa saa 18. Nitaitoa kesho saa 4 asubuhi.

Saa 11. Kromatografia, mashine inayotenganisha kemikali na kuzipima, imemaliza mifuko mitatu ya awali. Vilele vitatu vya RDX kwenye grafu ya skrini, karibu kimo kimoja. Nimeandika: ipo.